Injini mpya, breki za 1971

Kila baada ya muda video ya namna moja husambaa kwenye makundi ya wapenda magari. Boneti ya gari la Kimarekani la miaka ya sitini, labda Dodge Charger ya 1969, inafunguliwa na ndani inaonekana V8 ya kisasa yenye supachaja. Gari linanguruma, matairi yanafuka moshi, na maswali yanaanza: kwa nini isiwezekane hapa? Mwenye Land Rover iliyolala uani Sengerema anataka iamke na injini ya turbo. Mwenye Toyota Mark II pale Nyegezi, Mwanza, anataka afungiwe injini ya 1JZ. Fundi mmoja anamwambia ni kazi ya wiki moja, wa pili anaapa kwamba difu itavunjika, wa tatu anasema gari litakamatwa. Wote watatu wana sehemu ya ukweli, ndiyo maana mwenye gari hubaki njia panda.

Mkanganyiko huu unatokana na kuchanganya kazi tatu zisizofanana. Kuna kutoa injini iliyonoki na kurudisha ya aina ileile. Hayo ni matengenezo ya kawaida. Kuna kufunga injini ya kampuni nyingine, ya kawaida tu, ili gari lifanye kazi na spea zipatikane. Halafu kuna ile ya kwenye video: injini ya kisasa inayosukumiwa hewa kwa nguvu, yenye kompyuta yake, ikiwekwa kwenye gari ambalo waliolibuni hawakuwaza nguvu kiasi hicho. Fundi akijibu swali la kazi ya tatu kwa uzoefu wa kazi ya kwanza, atakupotosha bila kukusudia.

Hewa ya kusukumwa, na mwinuko wa Mwanza

Injini huchoma mafuta kwa hewa. Ikiingiziwa hewa nyingi zaidi, huchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi bila kuongezwa ukubwa. Turbo huzungushwa na moshi unaokwenda ekzosi. Hutumia kitu ambacho kingepotea hewani, ila huchelewa kidogo kuamka. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki ya injini yenyewe. Hiyo huitikia mara tu pedeli inapoguswa, lakini hula sehemu ya nguvu inayosaidia kuizalisha.

Kwa watu wa kanda ya ziwa hili si suala la anasa tu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa karibu asilimia 10. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hata kabla haijaanza kupanda kilima cha Bugando. Turbo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia pengo. Supachaja haina uhuru huo, kwa sababu mwendo wake umefungwa kwenye krenki. Nayo hupungukiwa, ingawa bado huiacha mbali injini isiyosukumiwa hewa. Kwa hiyo anayetaka presha, yaani hewa ya kusukumwa, akiwa Mwanza ana sababu ya kuitazama turbo kabla ya supachaja, hata kama video zote zinamwonyesha supachaja.

Chukua injini mbili zinazojulikana sana na mafundi wa Tanzania. 300Tdi ya Land Rover, iliyoanza kutumika 1994, ni dizeli ya lita 2.5 yenye turbo, na nguvu yake ya kuvuta hufika Nm 265. 1HZ ya Toyota, iliyotoka 1990, ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na inavuta karibu Nm 285. Turbo imeifikisha injini ndogo jirani kabisa na injini inayoizidi kwa lita 1.7. Hoja ya wapenzi wa presha inaanzia hapo, na ni hoja nzuri. Hata hivyo, mwenye Land Rover ya kazi akienda kutafuta injini ya kubadilishia, mara nyingi huulizia 1HZ. Sababu hazimo kwenye jedwali la nguvu za farasi.

Tuna mia na tisa, si Charger

Charger na Mustang za miaka ya sitini hazijawahi kujaa Mwanza. Zilitengenezwa kwa usukani wa kushoto na kwa barabara pana, kwa mtu ambaye petroli kwake haikuwa tatizo. Gari la zamani lenye heshima ya namna hiyo huku kwetu ni Land Rover, na nyuma yake Peugeot 404 na 504, pikapu za Datsun na Land Cruiser za mwanzo. Land Rover ilianza kuuzwa 1948. Series II ilikuja 1958, Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ile yenye nafasi ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambayo watu waliiita mia na tisa, ilibeba mapadri, mabwana shamba, karatasi za kura na wagonjwa. Ya petroli ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 2,286 na nguvu za farasi zisizozidi themanini, zikiwa zimepimwa kwa usawa wa bahari, si kwenye mwinuko wetu.

Wamiliki wake wengi hawabadili injini kwa kutafuta kasi. Chanzo cha kwanza ni uchakavu. Silinda zimechongwa mara kadhaa hadi hakuna saizi ya pistoni iliyobaki, kabureta inavuja, na lita moja ya petroli inaisha baada ya kilomita chache. Chanzo cha pili ni soko la spea. Tangu magari ya Kijapani yalipotawala barabara zetu, spea za Toyota, Nissan na Isuzu zimepatikana hadi kwenye miji midogo, na biashara ya injini zilizotumika kutoka Japani na Dubai imekuwa kubwa. Spea ya Series III huagizwa. Ya Toyota hununuliwa ng'ambo ya barabara.

Sera ya kodi nayo ina mkono wake. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari linaloingizwa likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo gari la zamani lililomo nchini tayari, lenye namba na kadi, lina thamani ambayo bodi yake iliyopauka haionyeshi. Kulifufua kunaweza kuwa nafuu kuliko kuagiza jingine.

Barabara pia zimebadilika. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Sasa safari ya Mwanza hadi Geita ni lami mfululizo, na gari linalojikokota kwa kilomita 60 kwa saa huwa kero kwa basi lililo nyuma yake na hatari kwa waliomo ndani. Zamani mia na tisa ilisubiri kivuko pamoja na kila mtu, na hakuna aliyeona ilivyo nzito.

Wanaosema gari liachwe na injini yake

Upande huu una watu wachache, lakini wana hoja ambayo mafundi wengi hawaitaki kwa sababu haiwapi kazi. Gari la zamani ambalo namba ya injini na ya chesisi bado ni zile zilizotoka kiwandani ni kitu kisichotengenezwa tena. Nairobi ina maonyesho ya Concours d'Elegance tangu 1970, na pale usahihi wa gari na usafi wake ndivyo vinavyopewa alama. Mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza 2003 na ambayo mara kadhaa yamevuka hadi kaskazini mwa Tanzania, hukubali magari ya zamani yasiyo na turbo wala supachaja. Arusha nayo ilifanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, na mamia ya magari yalijitokeza. Soko la wanaothamini gari la asili lipo, na linakua.

Nguvu nyingine ya msimamo huu ni ya kiufundi. Injini, gia boksi, breki na springi za gari la asili vilibuniwa pamoja. Hakuna kinachokizidi kingine.

Udhaifu wake ni kwamba unamfaa mtu ambaye gari si tegemeo lake. Mwenye kubeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni hatasubiri miezi miwili gasketi ifike. Na kuhifadhi gari kwa kulifungia chini ya turubai, likipigwa na unyevu wa ziwa huku chesisi ikiliwa na kutu, ni njia ya taratibu tu ya kulipoteza.

Wanaosema ifungwe dizeli ya pampu

Hapa ndipo walipo mafundi wengi wa kanda. Hoja yao: chukua dizeli ya Kijapani ya zamani, yenye pampu ya kimakanika na nozeli za kawaida, isiyotaka kompyuta. 1HZ ndiyo inayotajwa zaidi. Nyingine ni 2L na 3L za Toyota, TD27 na TD42 za Nissan, na 4JB1 ya Isuzu. Injini ya namna hii hutaka waya chache sana ili iwake: wa stata, wa hita, na wa kuzimia. Ikikorofisha njiani kati ya Nansio na Bunda, au ndani kabisa ya machimbo ya Geita, fundi wa karibu ataifahamu.

Tatizo ni kwamba watu huisifu hadi wakasahau gharama zake. 1HZ ni nzito na ni ndefu. Silinda sita zikiwekwa mahali palipokuwa na nne, rejeta husogezwa mbele, ukuta wa kati ya injini na dereva mara nyingine hukatwa, na sampu inaweza kugusana na ekseli ya mbele gari likiingia shimoni. Mbele panaongezeka uzito. Springi za zamani, zile za vipande vya chuma vilivyolaliana, hulala. Gia boksi ya Land Rover haina uso unaolingana na injini ya Toyota, kwa hiyo panachongwa pleti ya kuziunganisha. Pleti ikipinda kidogo tu, au isipokaa katikati sawasawa, klachi inaanza kutetema, na beringi ya mbele ya gia boksi inaanza kulia baada ya miezi michache. Wengi humlaumu muuzaji wa gia boksi wakati kosa lilikuwa kwenye mashine ya kuchongea.

Zaidi ya hayo, hakuna aliyenunua injini mpya. Injini inayoshushwa kwenye kontena imeshatembea katika gari jingine. Kilomita zake hazijulikani, na rangi ya fedha iliyopuliziwa juu yake haithibitishi kitu. Kupima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kulipa ni kazi ya saa moja. Ajabu ni kwamba wengi hawaifanyi.

Wanaosema ifungwe ya kisasa yenye presha

Vijana wengi wako upande huu, na wasidharauliwe. Wana hoja ya mwinuko tuliyoiona. Wana pia hoja ya upatikanaji, maana Toyota imekuwa ikitengeneza injini za presha kwa miongo: 1G-GZE yenye supachaja ilikuwemo kwenye Crown na Mark II za miaka ya themanini, 4A-GZE ikafuata kwenye magari madogo, na 1JZ-GTE yenye turbo mbili ilitoka 1990 ikiwa na nguvu za farasi 280. Kwa kuwa Mark II, Chaser na Cresta zimezagaa Tanzania, 1JZ-GTE hukaa mahali palepale palipotoka 1G au 1JZ ya kawaida bila kukata kitu kikubwa. Anayefanya hivyo anakuza gari ndani ya ukoo wake. Kazi yake ni tofauti kabisa na ya mtu anayeipachika injini hiyohiyo kwenye Peugeot 504.

Njia inayopendwa ni kuagiza nusu gari: kipande cha mbele kilichokatwa Japani kikiwa na injini, gia boksi, waya zote na kontroli boksi. Ni njia nzuri, kwa sababu shida kubwa ya injini ya kisasa si vyuma, ni umeme. Kontroli boksi inasubiri taarifa kutoka kwa sensa za hewa, za joto, za krenki, za oksijeni. Sensa moja ikikosekana, injini inajizuia na kutembea kwa nguvu kidogo, au haiwaki kabisa. Fundi umeme mwenye mchoro wa waya na kifaa cha kusoma makosa atalimaliza. Asiye navyo ataunganisha waya kwa kubahatisha, atafunga tepu nyeusi, na gari litarudi gereji kila mvua ya masika.

Mafuta ni mtego mwingine. Injini ya petroli yenye presha hutaka petroli ya oktani ya juu. Ikipewa ya chini, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati na injini hugonga hadi pistoni zitoboke. Dizeli za kisasa zinazosukuma mafuta kwa presha kubwa kupitia bomba moja la pamoja hazivumilii maji wala uchafu, na dizeli inayouzwa kwenye madumu kando ya machimbo huwa na vyote viwili.

Halafu joto. Hewa iliyogandamizwa huwa ya moto, hivyo panahitajika kipozeo chake mbele ya rejeta, na rejeta yenyewe iwe kubwa. Gari linaloenda kasi kwenye barabara ya Musoma hupata upepo. Gari lililokwama kwenye foleni ya Mabatini saa kumi na moja jioni halipati.

Kuna kundi dogo linaloruka mjadala wote na kusema gari la zamani liwekewe mota ya umeme. Limekwisha kufanyika kwetu: kampuni ya Opibus ya Nairobi, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, ilianza kwa kubadili magari ya safari, na tangu 2018 yamekuwapo magari ya utalii ya umeme katika Serengeti. Linafaa kambi yenye sola na njia fupi zinazojulikana. Kwa mtu wa Mwanza anayekwenda Kahama na kurudi, bado.

Nguvu ikishaingia inakwenda wapi?

Hapa mabishano ya gereji hukosea zaidi. Watu hubishana kuhusu injini, na injini ni kitu kimoja tu katika mnyororo.

Series III ya 1971 ilitoka kiwandani na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Zilitosha kusimamisha gari ambalo lilifika kilomita 90 kwa saa kwa kusuasua. Nishati inayopaswa kuzimwa na breki hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 60 hadi 90 hujaongeza nusu, umeongeza zaidi ya mara mbili. Dramu zikipata joto kwenye mteremko mrefu hupungua kushika, na mguu unafika chini bila jibu. Shafti za ekseli za nyuma za Land Rover hizo zilikuwa na sifa ya kukatika hata kwa injini yake ya asili. Zipe injini yenye mara mbili ya nguvu ya kuvuta, na zitakatika dereva anapojaribu kutoka kwenye tope.

Waliotengeneza zile injini za kwenye video wanalijua hili. Dodge ilipotoa Challenger Hellcat ya 2015, yenye lita 6.2, supachaja na nguvu za farasi 707, haikuishia kwenye injini. Iliwekewa diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 390, gia boksi imara zaidi na mfumo wa kupoza ulioongezwa. Mopar, kitengo cha vipuri cha kampuni hiyohiyo, kilipotangaza mwaka 2017 kwamba injini hiyo itauzwa peke yake kwenye sanduku kwa karibu dola 20,000, kiliieleza kuwa ni ya magari yaliyotengenezwa kabla ya 1976, na kiliuza pia seti ya waya na kontroli boksi. Diski, gia boksi, difu na chesisi iliyoimarishwa ni juu ya mnunuzi. Video huonyesha dakika tatu za mngurumo. Miezi ya kuchomelea chesisi hairekodiwi.

Mfano mkubwa uko bandarini

Moja ya kazi kubwa za kubadili injini zilizowahi kufanyika Mwanza haikuwa ya gari. Meli ya MV Victoria ilitengenezwa Glasgow katika karakana za Yarrow, ikasafirishwa kwa vipande hadi Mombasa, ikapanda reli hadi Kisumu, ikaungwa na kushushwa majini 1961. Ilipofika 2014 ilisimama. Mkataba wa kuifufua ulisainiwa Septemba 2018 na kampuni ya KTMI ya Korea Kusini, kwa gharama ya takriban Sh bilioni 22.7, na Agosti 2020 ikarudi kwenye safari ya Bukoba ikiwa na uwezo wa abiria 1,200.

Mpenda magari anapaswa kutazama kilichofanyika pamoja na injini. Meli ilifungwa pia jenereta mpya, mifumo ya usukani na vifaa vya kuongozea safari, na ilijaribiwa majini kabla ya kubeba abiria. Injini ilikuwa sehemu ya kazi, haikuwa kazi yote.

Hesabu yake nayo inafundisha. MV Mwanza, meli mpya yenye uwezo uleule wa abiria 1,200, ilianza kwa mkataba wa karibu Sh bilioni 89, gharama ikapanda baadaye, na ilishushwa majini Februari 2023. Kufufua cha zamani kuligharimu chini ya theluthi moja ya bei ya kipya na kulichukua muda mfupi zaidi. Lakini MV Mwanza inabeba pia magari madogo 20 na malori matatu. Victoria, kwa umbo lake la 1961, haiwezi. Injini mpya hurudisha uwezo wa chombo. Umbo lake hubaki lilelile.

Mfano wa pili ni mchungu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Injini zake mbili zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa miezi michache kabla. Kivuko kilichopangiwa abiria 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na uzima wa injini haukuwa na msaada wowote.

Kadi, namba na bima

Hili watu hulichukulia kirahisi, kwa hiyo lisemwe wazi. Kubadili injini si kosa. Kosa ni kuibadili kimyakimya. Kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya chesisi, namba ya injini na ukubwa wa injini. Injini ikibadilika, kadi inasema uongo hadi itakaporekebishwa, na trafiki akifungua boneti akakuta namba tofauti ana haki ya kushuku wizi. Mwenye gari anahitaji hati ya manunuzi ya injini, ukaguzi wa polisi, kisha marekebisho TRA.

Bima ni zito zaidi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli ambao mteja amemweleza mtoa bima. Gari lililoandikwa kuwa na nguvu ya farasi sabini, huku linatembea na mara nne ya hiyo, linampa mtoa bima sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Anayeumia hapo si mwenye gari peke yake.

Nini kizidi nini

Kwa gari ambalo injini yake ya asili bado inapona, na namba zake zinalingana na chesisi, kulibadili ni hasara ambayo hairudi. Lifanyiwe ovahoo. Magari ya namna hiyo yanapungua kila mwaka, na bei ya kila linalobaki itapanda.

Kwa Land Rover ya kazi ambayo injini yake imekufa, dizeli ya pampu bado inashinda, hata kama ina nguvu ndogo kwa kila lita. Ushindi wake hautokani na ubora wa ubunifu. 300Tdi ilibuniwa vizuri zaidi. Unatokana na kwamba spea, fundi na mafuta yaliyopo kanda ya ziwa vinaendana nayo. Siku mji utakapokuwa na mafundi umeme wa kutosha wenye vifaa vya kusomea kompyuta za magari, hukumu hii itabadilika, na vijana wa Mark II ndio wanaoisogeza siku hiyo.

Vijana hao wakae ndani ya ukoo wa gari: 1JZ-GTE kwenye Mark II, pamoja na breki na difu za gari lililotoka na injini hiyo. Ni njia yenye akili na gharama yake inajulikana. Ama supachaja ya Hellcat kwenye mia na tisa, au kwenye 504, mwenye fedha anaweza, lakini ajue atanunua gari jingine lote ili libebe injini hiyo, na mwishoni atabaki na bodi ya zamani tu.

Kwa wote, mpangilio wa manunuzi ugeuzwe. Anza na chesisi, breki, rejeta na usukani. Injini iwe ya mwisho kununuliwa. Na kabla hujamlipa muuzaji, pima mgandamizo, dai risiti yenye namba ya injini, uipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi na TRA kabla gari halijatoka gereji.